Ukuta wa Kila Mtu na Chake

Appolinaire alijulikana katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa mambo mawili: kufyatua matofali mazuri na kuwasema wakubwa. Serikali ya kwao Kongo aliisema. Ofisi ya kambi aliisema, mashirika aliyasema, na wachungaji ndio kabisa. Shule aliiachia darasa la tatu, ila majirani walimtania kwamba kwa somo la kusema wakubwa amekwisha kupata digrii na anasubiri joho tu.

Hasira yake ilikuwa na mwanzo. Mwaka 2008, mwezi wa pili, Jumapili asubuhi, tetemeko la ardhi lilipita kwao Kivu ya Kusini watu wakiwa ibadani. Kipande cha ukuta wa kanisa lao kiliangukia ndani, na mkewe Perpétue alikuwa ameketi chini yake pamoja na wanakwaya. Appolinaire alitoka mzima, na kabla vumbi halijatua vizuri alikwisha kumpata mkosaji. Alikuwa mchungaji wa siku zile. Simenti ya kanisa imeliwa, alisema; mifuko iliingia kwa mlango wa mbele ikatokea wa nyuma, na ukuta ukajengwa kwa mchanga na maombi. Ushahidi hakuwa nao, wala hakuutafuta. Baadaye vita vikamsukuma mpaka Uganda, na chuki yake akavuka nayo mpakani bila kuisajili.

Tangu siku ile hakuketi tena ndani ya kanisa lenye ukuta. Waumini wa Nakivale walipokuwa wakisali chini ya turubai aliingia na kukaa kama wengine, maana turubai likikuangukia unalikunja. Mwaka 2014 waliposema sasa watajenga kanisa la matofali, aliwaambia kufyatua atafyatua, lakini kusali atasalia nje.

Ujenzi wenyewe ulifuata desturi waliyokuja nayo kutoka kwao. Hawakuchanga fedha, kwa sababu hawakuwa nazo. Kila ukoo ulitoa sadaka ya matofali, na kila ukoo ulipewa kipande chake cha ukuta, kutoka msingi hadi juu, ukijenge wenyewe. Wengine waliandika herufi kwenye udongo mbichi, wengine walichora jembe au samaki. Jioni watoto walipelekwa kuoneshwa: hapa ni petu, pale ni kwa wale wavivu. Mashindano yalikuwa makali, na Mchungaji Modeste, mkuu wa kanisa hilo, aliyapenda, maana bila fimbo wala barua matofali yalikuja mbio.

Appolinaire aliomba kipande cha kushoto mwa mlango, kiwe cha marehemu mkewe. Alitumia kalibu ya mbao ya marehemu baba mkwe, ambayo ilitoa tofali refu kupita ya wengine wote, na kila tofali aliliandikia P kwa kidole kabla halijakauka. Aliyemtekea maji na kukanyaga udongo pamoja naye alikuwa Marthe, mdogo wake Perpétue, kiongozi wa kwaya. Marthe hakuwa na kaburi la dada yake la kwenda kulipalilia. Lilibaki Kongo, ng'ambo ya mpaka asioweza kuurudia. Kipande hicho cha ukuta ndicho kilichokuwa kaburi lake.

Ukuta ulipofika usawa wa madirisha, shirika moja likaomba kila kanisa na kila shule itoe wajenzi watatu waende Mbarara kujifunza habari za matetemeko. Mchungaji Modeste alimtaja Appolinaire kwanza, bila kufikiri sana. Wenye ndimi walisema mchungaji alitaka kanisa lipumzike kidogo na mdomo wake. Appolinaire naye alisema wakubwa wakikupa kitu bure, kagua chini yake. Hata hivyo alipanda lori na wenzake wawili. Walipita Masha, wakasimama kungoja ng'ombe wenye pembe ndefu wavuke barabara kwa raha zao, na mchana wakashushwa Kakiika, kando ya mji wa Mbarara, kwenye ukumbi ulio jirani na kambi ya jeshi.

Mwalimu alikuwa Enid, mhandisi kijana kutoka chuoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuomba chumvi, kwa hiyo aliketishwa karibu naye Jovan, sajini mstaafu wa kikosi cha ujenzi, ambaye aliyageuza maneno ya mwalimu kuwa Kiswahili cha jeshini, kifupi na chenye amri. Wakongo walikisikia wakacheka chini kwa chini, lakini kilieleweka.

Siku ya kwanza Appolinaire alikaa amekunja mikono. Aliambiwa kwamba ardhi ya upande huu ina mpasuko mrefu, unaoshuka toka Ziwa Albert, ukipita Kivu hadi Tanganyika, na kwamba pande zake mbili zinaachana polepole kama watu wa nyumba moja waliochokana. Zinaposhikana zinakaa kimya, nguvu zinajikusanya. Zinapochomoka ndipo watu wanakumbuka kumwomba Mungu. Hayo hakuyakataa. Akaambiwa kwamba mtikisiko huja kwa mawimbi mawili. La kwanza ni la mbio, linasukuma kama mtu anayekugonga begani ili umpishe, na mara nyingi halivunji kitu. La pili ni zito, linachelewa, linayumbisha ardhi kulia na kushoto, na hilo ndilo linaloangusha. Hapo mikono yake ikakunjuka. Alikumbuka ile Jumapili: kwanza mshindo, madirisha yakalia, watu wakatazamana, mtu mmoja hata akatabasamu. Kisha ndipo likaja la pili.

Enid alieleza kwamba tetemeko lina kipimo kimoja cha ukubwa wake, lakini madhara yake yana vipimo vingi kama vijiji vilivyo. Ngoma inapigwa mara moja, akasema Jovan, lakini aliye karibu naziba masikio na aliye Mbarara mjini nauliza ngoma gani. Tena udongo haufanani. Palipo na mwamba nyumba inatikisika kwa adabu. Palipo na udongo laini wa kando ya ziwa inacheza kama uji ndani ya sahani. Watu wa Nakivale wakatazamana, kwa sababu kanisa lao lilikuwa bondeni, upande wa ziwa. Hapo ndipo mahali walipopewa na ofisi, na Appolinaire hakuacha kulisema hilo kwa sauti.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mikono. Jovan alilaza ubao mpana juu ya miti ya mviringo, akaufunga kamba, kisha akawagawia vitofali vidogo vya udongo, vidogo kama viberiti, watu wa kila kanisa wajenge ukuta mmoja juu yake. Watu wa Nakivale walifanya kazi kwa bidii na kwa masengenyo, kila mmoja mbele ya tumbo lake. Walipomaliza, ukuta ulikuwa umenyooka, mzuri wa kupigwa picha. Jovan akauzunguka, akainama, akacheka mpaka akashika magoti.

"Wazee, hii iko ukuta ama iko parade?" alisema. "Kila askari nasimama peke yake, hapana shika mwenzake."

Hawakuelewa mpaka alipowaonesha kwa ncha ya kijiti. Kila mtu alikuwa amejenga mnara wake, na minara ilikuwa imesogezwa karibu karibu. Kati ya mmoja na mwingine ulikwenda mstari ulionyooka toka chini hadi juu, na hapakuwa na tofali hata moja lililouvuka. Wajenzi wa makanisa ya wengine walikuwa wamepandanisha, tofali la juu likikalia nusu ya hili na nusu ya lile. Watu wa Nakivale hawakuwa wajinga, kwenye nyumba zao walipandanisha vizuri. Lakini walipoambiwa kujenga kitu cha wote, mikono ilifuata desturi: kila mtu na chake.

Jovan akavuta kamba mara moja, pole, kisha mara ya pili kwa nguvu. Ukuta wa kupandanishwa ulipata nyufa za ngazi ngazi, ukasimama. Wa Nakivale ulifunguka kwenye mistari. Mnara mmoja ukalala chali, wa pili ukabaki wima, wa tatu ukalala. Ule wa wima haukuwa na hata mkwaruzo.

Appolinaire aliutazama mnara uliobaki wima. Ulikuwa wake.

Aliinua mkono kama mtoto wa shule, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu darasa la tatu. "Mwalimu," alisema, "ukuta ikipasuka sawa na kamba, toka chini mpaka yulu, kipande moja inaanguka na ya pembeni inabakia, ile si simenti mubaya njo inafanyaka vile?"

Enid alimsikiliza Jovan akimfafanulia, akafikiri, akajibu taratibu. Udongo au simenti mbaya huvunjika ovyo, popote, na mabaki yake ni unga. Ufa ulionyooka namna hiyo una maana moja tu, kwamba pande mbili hazikuwahi kufungwa pamoja.

"Haikukuwa ukuta, mzee," Jovan akaongeza, naye sasa hakucheka. "Ilikuwa majirani tu."

Chakula cha mchana kilikuwa posho, ugali wa mahindi, na maharage, na Appolinaire hakukigusa. Kule kwao pia walijenga hivyo, ukoo kwa ukoo. Kipande kilichomwangukia Perpétue kilikuwa cha watu wa duka, tofali zao za kuchoma, nzuri, nyekundu, na zililala chini zikiwa nzima nzima. Pembeni yake kipande cha ukoo wa Appolinaire kilibaki kimesimama, hata chokaa hakikumwaga, na kwa miaka yote hiyo kwenye kona ya moyo wake alikuwa amekionea fahari.

Sasa ikabidi aanze upya kumchukia yule mchungaji wa zamani, maana kosa la kwanza limefutika na la pili ni kubwa zaidi. Mwizi wa simenti anajua kwamba anaiba, na akisikia mbwa anashtuka. Lakini mkubwa anayewapanga watu washindane, kila mmoja na kipande chake, kwa kuwa mashindano yanamrahisishia kazi, huyo analala usingizi mzuri na asubuhi anahubiri umoja.

Aliporudi Nakivale alikwenda moja kwa moja kwenye kikao cha ujenzi na akaharibu kila kitu. Badala ya kueleza mawimbi na mistari, alianza na wachungaji. Alisema wote ni mbegu moja, aliyeua kwao na huyu anayejiandaa kuua hapa. Kufika kwenye habari ya ubao na vitofali, na kwamba matofali ya koo zote yachanganywe na kupandanishwa, nusu ya kikao ilikuwa imesimama. Mchungaji Modeste hakukasirika, na hilo lilimuudhi Appolinaire kuliko matusi. Alijibu tu kwamba ukichanganya matofali ya watu, hakuna atakayeleta tena. Mtu hutoa sadaka anapoona mahali ilipokaa. Kulikuwa na ukweli ndani yake, na watu wakaitikia. Wengine walinong'ona kwamba ukoo fulani una matofali ya kichanga, nani atakubali yaingie katikati ya yake. Kikao kikafungwa kwa sala.

Marthe ndiye aliyemfuata nje. "Shemeki," alimwambia, "unataka tuchukue dada yangu, tumutawanye kwa ukuta ya batu?"

Kweli hicho ndicho Appolinaire alichokuwa akikitaka, ila hakuwa amekisikia kwa maneno hayo.

Siku kadhaa zikapita. Kisha asubuhi moja, wanawake wakienda kuteka maji, walimwona Appolinaire juu ya kipande chake kushoto mwa mlango, na nyundo na kijiti, akibomoa. Hakubomoa kwa hasira. Alilegeza udongo, akanyanyua tofali, akalikwangua, akalipanga chini karibu na njia, P ikitazama juu. Habari ilifika kwa Marthe kabla safu ya kwanza haijaisha. Alikuja na kanga yake imefungwa kiunoni, kama mtu aliyekuja kupigana, na kweli alimshika mkono wenye nyundo.

Appolinaire alishuka. Alimwambia mambo ambayo kwa miaka yote hakuwa amemwambia, kwa kuwa hakujua kama ni mambo. Alimwambia ukuta wa watu wa duka uliangukaje, na matofali yake yalivyokuwa mazima. Marthe aliuliza na ule wa kina Appolinaire, wa ukoo wake, ulikuwa wapi.

"Ya kwetu ilikuwa pale pale pembeni," alisema Appolinaire. "Ilisimama tu, muzuri, ikamuangalia."

Marthe aliuachia mkono wake. Aliketi juu ya matofali yaliyopangwa, akipitisha kidole ndani ya P moja kana kwamba anaiandika upya. Kisha aliinuka, akajitwisha matofali mengi kadiri shingo ilivyoweza, na kuyapeleka nyuma ya kanisa, akaanzisha rundo la pamoja. Alirudi kuchukua mengine. Wanakwaya waliokuwa wamekuja kutazama ugomvi wakakosa ugomvi, wakaanza kubeba.

Mchungaji Modeste alifika jua likiwa limepanda. Mahali pa kipande cha Perpétue palikuwa wazi kama pengo la jino. Alianza kusema juu ya utii, na huku akisema aliegemeza kiganja chake kwenye kipande cha jirani, kile kilichobaki kandoni mwa pengo. Kilikuwa kipande cha ukoo wake mwenyewe. Alihisi kinacheza. Akakisukuma tena, kidogo tu, kama mtu anayejaribu mlango asioujua, na ukuta ukaenda na kurudi. Kwa kiganja kimoja, na mzee wa watu hakuwa na nguvu za kusukuma baiskeli.

Watu wote waliona. Appolinaire alikuwa na maneno mengi tayari mdomoni, aliyoyaandaa tangu Kakiika, lakini alimtazama Marthe akipita na mzigo kichwani, akayameza. Alichukua nyundo akaendelea.

Jumapili hiyo, chini ya turubai, Mchungaji Modeste alihubiri juu ya mawe yaliyo hai yanayojengwa kuwa nyumba moja. Alisema Mungu amemfunulia kwamba matofali yachanganywe. Kuhusu Mbarara hakutaja, kuhusu mfyatuaji hakutaja, na kiganja chake nacho hakikutajwa. Waliomjua Appolinaire waligeuka kumtazama wakingoja alipuke. Alisema tu, kwa sauti ya kutosha safu mbili, kwamba wakubwa ndivyo walivyo: mvua ikinyesha walikuwa wamekwisha kuiagiza. Kisha akaimba na wengine.

Vipande vyote vilishushwa hadi msingi, na hapo ndipo manung'uniko yalipoanza upya, kwa kuwa kalibu zilikuwa tofauti na matofali hayakulingana. Yenye kichanga yalichujwa, wenyewe wakaudhika, wakafyatua mengine. Jovan alikuja mara moja kukagua, akala samaki wa ziwani kwa Marthe, akatoa amri zake. Kilele cha matofali juu ya mlango, ambacho kila kanisa hupenda ili lionekane toka barabarani, kisijengwe, uzito wa juu ndio wa kwanza kuanguka. Pale juu pigeni bati. Juu ya ukuta wote uzungushwe mkanda wa miti ya mkalitusi, ushikane vizuri kwenye pembe. Mlango ufunguke kwenda nje. Halafu akayaona matofali marefu yenye P.

"Hii nani nafanya?" aliuliza. Walipomwonesha, alisema hayo yasilazwe kama mengine. Yalazwe kukata ukuta, kichwa kimoja ndani na kimoja nje, kwenye pembe na kila mahali palipokuwa na mpaka wa ukoo na ukoo. Urefu wake ulitosha kushika pande mbili.

Ikawa hivyo. Appolinaire aliyalaza mengi kwa mkono wake. Kila alipolaza moja, herufi ilifunikwa na udongo, na tofali la mtu mwingine likakaa juu yake.

Siku ya ibada ya kwanza Marthe alifika mapema, akauzunguka ukuta wote akitazama usawa wa macho, kisha akauzunguka tena kwa ndani. Aliona samaki wawili watatu, jembe moja lililopinduka, herufi za watu. P hakuiona hata moja. Appolinaire alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, pale pale alipoahidi kusalia, nje.

"Shemeki," aliuliza Marthe, "bya dada biko fasi gani?"

"Biko ndani," alisema Appolinaire. "Biko binashika."

Marthe aliupapasa ukuta kwa kiganja, akausukuma kidogo, kama alivyoona mchungaji akifanya. Haukwenda popote. Akaenda kukaa na kwaya yake.

Appolinaire alisimama mlangoni hadi wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ulipoanza aliingia, akatafuta nafasi kwenye benchi la katikati, mbali kidogo na kuta zote, akaketi.